Jinsi ya kutengeneza apu ya kumtibu mtu asiyepata usingizi, hatua kwa hatua

Kabla hujafungua kompyuta tuelewane kwanza unatengeneza nini, maana ukiingia duka la apu ukaandika "usingizi" utaletewa sauti za mvua, muziki laini na vipimo vya saa za mkononi, na hakuna hata kimoja hapo ambacho ni tiba. Tiba ipo na ina jina, wataalamu wanaiita CBT-I, ni tiba ya fikra na tabia kwa mtu ambaye usingizi umemkimbia muda mrefu, kwa kawaida wanahesabu siku 3 au zaidi kwa wiki na hali iwe imevuta miezi 3. Mwaka 2016 American College of Physicians, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani wa Marekani, walisema kila mtu mzima mwenye tatizo hili la muda mrefu aanzishiwe hiyo kwanza. Ishu ni kwamba wanaoijua kuitoa ni wachache hata hukohuko Marekani, huku kwetu ndo usiseme, ndipo watu wakaanza kuiingiza kwenye programu. Programu ya Somryst iliruhusiwa na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, mwaka 2020, nyingine ya Sleepio ya Colin Espie na Peter Hames ikapendekezwa na NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, mwaka 2022, na idara ya wanajeshi wastaafu ya Marekani wanatoa CBT-i Coach na Insomnia Coach bure kabisa. Kwahiyo swali la kama programu inaweza kutibu lilishajibiwa, lililobaki ni unaijengaje kwa mtu anayehesabu saa kwa Kiswahili, analala chumba kimoja na watoto, na bando lake ni la siku.

Mi nashikilia kitu kimoja na mwongozo wote umesimama hapo: apu ya usingizi ifanye kazi asubuhi na jioni mapema, usiku inyamaze. Kila ukitaka kuongeza kitu jiulize kama kitamfanya mtu ashike simu saa 8 usiku, kama jibu ni ndiyo basi kitoe, hata kama kinapendeza namna gani.

Hatua ya 1: jua unapiga wapi

Arthur Spielman, mtafiti wa usingizi wa Marekani, aliligawa tatizo hili mafungu matatu na mpaka leo watu wanamfuata. Kuna kinachomweka mtu tayari, mfano ni mtu wa wasiwasi tangu zamani. Kuna kilichoanzisha, msiba, kuachishwa kazi, mtoto mchanga. Alafu kuna kinachoendeleza. Fikiria jamaa aliyeachishwa kazi miaka miwili iliyopita, sasa hivi ana kazi nyingine nzuri tu lakini usingizi haujarudi, kwanini? Kwa sababu kipindi kile alizoea kupanda kitandani saa 2 usiku ili auwahi usingizi, akazoea kujilaza mchana kufidia, akawa anaangalia saa kila akigeuka, na kitanda kikawa ndo mahali pa kupigia mahesabu ya maisha. Apu yako inapambana na hilo fungu la tatu tu, msiba huwezi kuufuta na tabia ya kuzaliwa nayo huibadilishi kwa wiki sita.

Silaha zako ni tatu: sheria za kitanda alizoziandika Richard Bootzin mwaka 1972, kubana muda wa kitandani, yaani mtu akae kitandani muda unaokaribiana na ule anaolala kweli, alikokuja nako Spielman na wenzake mwaka 1987, na kazi ya fikra ambayo Allison Harvey aliipa ramani nzuri mwaka 2002. Yale mambo ya punguza kahawa, weka giza, usile sana usiku, weka ukurasa mmoja wa kusoma yaishe, peke yake hayamtibu mtu ambaye tatizo limeshakomaa.

Hatua ya 2: mlango wa kuingilia uwe na mlinzi

Hapa ndo developa wengi wanaruka kwa sababu hapavutii, lakini kubana muda wa kitandani kunamfanya mtu asinzie mchana wiki za mwanzo, na kwa watu fulani hiyo ni hatari kabisa. Mwenye kifafa, kukosa usingizi kunaweza kumleta degedege. Mwenye bipolar, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, anaweza kupanda juu akaingia kwenye wazimu wa furaha. Mtu anayetembea usingizini, mtu anayekoroma sana na kukatika pumzi usiku, mjamzito, dereva wa basi au lori, bodaboda, anayefanya kazi na mashine au juu ya majengo, hawa wote programu isiwapeleke kwenye hesabu ya kubana bila mtu wa afya kuwaangalia. Wape sehemu ya fikra na kujituliza, na uwaambie kwa lugha ya kawaida kwanini sehemu ile nyingine imefungwa, usiwape tu maandishi mekundu ya "hustahili".

Weka dodoso la ISI la Charles Morin linalopima ukali wa tatizo la usingizi, maswali 7, alama 0 mpaka 28, 15 kwenda juu tatizo ni la kweli na 22 kwenda juu ni kali. Lina mwenyewe, omba ruhusa kabla hujalitafsiri au kulitumia. Kwa kukatika pumzi kuna STOP-Bang yenye maswali 8. Kwa sonona kuna PHQ-9, hiyo ilishatafsiriwa Kiswahili na kupimwa Kenya, na swali lake la 9 linauliza mawazo ya kujidhuru. Sasa kama unauliza swali hilo uwe umeshapanga mtu akijibu ndiyo nini kinatokea dakika hiyohiyo, nani anapigiwa, ukurasa gani unafunguka, namba gani ya msaada uliyoipiga mwenyewe ukahakikisha inapokelewa. Kama huna mpango huo, usiliulize mpaka uupate.

Na wale wanaotumia vidonge kama diazepam, apu isiwaambie waache. Kuacha ghafla dawa za aina hiyo kunaweza kuleta mtetemeko mpaka degedege, hilo ni la daktari na linapunguzwa polepole.

Walinzi wa usiku, manesi wa zamu, hii hesabu haikutengenezwa kwa ratiba zao zinazogeukageuka, waambie ukweli.

Hatua ya 3: daftari la usingizi, hapa kaa sana

Daftari ndo moyo wa chombo chote, ukilikosea mengine yote yanakosea. Tangu 2012 kuna daftari ambalo wataalamu wa usingizi walikubaliana, na maswali yake ya msingi ni haya: uliingia kitandani saa ngapi, ulianza kujaribu kulala saa ngapi, ilikuchukua muda gani kushikwa na usingizi, uliamka mara ngapi katikati, jumla ulikaa macho muda gani, mara ya mwisho uliamka saa ngapi, ulitoka kitandani saa ngapi, usingizi ulikuwaje, na maoni. Yanajazwa asubuhi, ndani ya dakika mbili tatu. Yanajazwa kwa kukadiria, na hilo liandike juu kabisa ya fomu, maana mtu makini ukimwambia jaza daftari ataanza kuangalia saa usiku ili aandike sahihi, na kuangalia saa ni sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Sasa ishu ya saa. Simu inaonyesha 01:00, mtu wa Tanga anasema saa 7 usiku. Ukimwekea sehemu ya kuandika namba ataandika 7, programu yako itasoma saba ya asubuhi au ya jioni, umepotea masaa sita na hesabu ya wiki nzima imekuwa takataka. Fanya hivi: kwenye databesi hifadhi masaa 24 ya kawaida, lakini kwenye skrini kila saa ionekane mara mbili, namba kama simu inavyoonyesha na chini yake maneno kamili, "saa 7 na nusu usiku". Mtu asiandike, azungushe tu au abonyeze, alafu kabla ya kutuma programu imsomee usiku wake wote kwa sentensi moja: ulipanda kitandani saa 3 usiku, ukaamka mara ya mwisho saa 11 alfajiri, ukatoka kitandani saa 12 asubuhi, sawa? Hiyo sentensi moja inakamata makosa mengi kuliko ulinzi wowote utakaouandika kwenye programu. Na maneno ya usiku, alfajiri, asubuhi, mchana, jioni yaweke mwenyewe kutokana na saa, usimwache achague kwa mkono, kuna atakayechagua "asubuhi" kwa saa 10 na mwingine "alfajiri" kwa saa ileile.

Tarehe nayo ina mtego. Usiku unavuka siku, kwahiyo kila usiku upe tarehe ya asubuhi aliyoamkia, basi, usibadilishe kanuni hiyo popote.

Alafu kuna watu wanaoamka kuswali alfajiri wakarudi kulala. Daftari la wazungu halina hilo, linaona ni kuamka katikati ya usiku tu. Ongeza swali dogo, "uliamka kwa ajili ya swala ukarudi kulala?", na kama ndiyo uliza alirudi saa ngapi, hapo utatofautisha mtu aliyeamka kwa kupanga na aliyeamka akabaki anatazama dari. Wakati wa Ramadhani kuna daku na ratiba yote inageuka, mi ningemshauri mtu asianze kubana muda mwezi huo, ajaze daftari tu na kazi ya fikra, hesabu ianze baada ya Idi.

Saa za mkononi vipi? Usiziunganishe. Zinakadiria kwa mtikisiko na mapigo ya moyo, na mtu anayelala macho ametulia zinaweza kumhesabia amelala. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walishaandika kuhusu watu wanaoenda hospitali kwa sababu saa imewaambia wamelala vibaya, wakalitafutia hilo jina kabisa, orthosomnia. Usimwongezee mgonjwa wako namba ya kuhofia.

Hatua ya 4: hesabu ya dirisha, yaani muda anaoruhusiwa kuwa kitandani

Mpe wiki moja mpaka mbili za kujaza tu, bila kubadilisha kitu. Kisha programu ihesabu. Muda aliolala ni kuanzia alipoanza kujaribu kulala mpaka alipoamka mara ya mwisho, toa dakika za kusubiri usingizi, toa dakika za kukaa macho katikati. Muda wa kitandani ni tangu alipopanda mpaka alipotoka. Gawanya cha kwanza kwa cha pili zidisha kwa 100, huo ndo ufanisi.

Mfano. Wastani wa mtu wako: anapanda kitandani saa 3 usiku, anazima taa saa 4, inamchukua dakika 90, katikati anakaa macho dakika 60, anaamka saa 11 alfajiri, anatoka kitandani saa 12. Saa 4 mpaka saa 11 ni masaa 7, toa moja na nusu, toa moja, yamebaki masaa 4 na nusu. Kitandani amekaa masaa 9. Ufanisi ni asilimia 50. Yaani nusu ya muda wake wa kitandani anateseka tu, na hiyo namba ukimwonyesha vizuri inamfungua macho kuliko maelezo ya kurasa kumi.

Dirisha jipya ni muda anaolala kweli, 4 na nusu, lakini hapa programu lazima igome: chini ya masaa 5 hairuhusiwi, wengine wanaweka 5 na nusu na kwa apu isiyo na mtaalamu nyuma yake mi ningeweka hiyo ya juu. Anachagua saa ya kuamka kwanza, hiyo haibadiliki hata Jumapili, tuseme saa 12 asubuhi, basi kitandani hapandi kabla ya saa 6 na nusu usiku. Mchana halali. Ndiyo, atachoka, na ndo lengo, njaa ya usingizi ijikusanye mpaka akipanda kitandani alale.

Kila wiki hesabu upya. Ufanisi ukifika 90 mwongezee dakika 15, ukiwa kati ya 85 na 89 mwache palepale, ukiwa chini ya 85 punguza dakika 15 ila sakafu ile isivunjwe. Wengine wanaongeza kuanzia 85, ni sawa, ila chagua moja uishikilie. Kama amejaza chini ya siku 5 kati ya 7 usihesabu kabisa, mwambie wiki hii tunabaki na dirisha lilelile. Na tafadhali, hesabu hii iwe kanuni ya kawaida iliyoandikwa na kupimwa, usiikabidhi kwa roboti la kuchati, hata kama siku hizi kila kitu kinataka kuchati. Roboti likikosea likampa mtu dirisha la masaa 3 na kesho yake anaendesha pikipiki, wewe ndo utaulizwa.

Kila siku ya wiki hizo muulize swali moja la usalama, jana ulisinzia wakati unaendesha au unafanya kazi ya hatari? Akijibu ndiyo, dirisha linapanuliwa leoleo na anaelekezwa kwa mtu wa afya.

Hatua ya 5: sheria za kitanda kwenye nyumba zetu

Sheria za Bootzin ni fupi: panda kitandani ukiwa umesinzia, kitanda ni cha kulala na mambo ya ndoa tu, usipolala ndani ya kama dakika 15 au 20 toka nenda chumba kingine, rudi ukisinzia, amka muda uleule, usilale mchana. Hiyo ya chumba kingine ndo inavunja watu. Mtu anaishi chumba kimoja Tandale au Mathare, kitanda ndo kochi na ndo meza ya chakula, unamwambia aende wapi? Uliza mwanzoni kabisa nyumba ikoje, alafu toa maelekezo kulingana na jibu: kiti cha plastiki upande wa pili, mkeka chini, au kama hata hiyo haiwezekani akae akiegemea ukutani miguu chini, ila asilale chali kupambana. Mchana kitanda kitandikwe, shuka la mchana tofauti na la usiku, vitu vidogo vinavyoambia mwili sasa ni kiti na sasa ni kitanda. Chandarua kinasaidia hapo, kikishushwa ni kulala, kikipandishwa ni maisha mengine.

Dakika 15 zenyewe apu isizipime. Hakuna taima, hakuna kitufe cha "nimeamka". Anakisia tu, akianza kukereka anatoka.

Hatua ya 6: kazi ya fikra

Harvey alionyesha mzunguko: mtu ana wasiwasi wa usingizi, wasiwasi unamfanya achunguze mwili na saa, anachokiona kinamtisha, anaanza kujikinga kwa kulala mapema na kuacha shughuli, na huko kujikinga kunamnyima nafasi ya kuona kwamba angeweza tu kuishi siku yake. Kwahiyo fomu ya fikra isiwe ya jumla jumla, iwe na vitu vitano: ilikuwa wapi, nikawaza nini, nikajisikiaje, ushahidi ni upi, naweza kuliangalia vipi lingine. Ijazwe jioni mapema, siyo kitandani.

Jaribio lina nguvu kuliko mabishano. Mtu anaamini "nisipolala masaa 8 kesho kazini nitaharibu". Usibishane naye. Jioni apu imuulize kesho unatabiri utafanya kazi kwa kiwango gani, 0 mpaka 10, anaweka 2. Kesho jioni inamuuliza ilikuwaje, anaweka 6. Baada ya wiki mbili mwonyeshe grafu ya utabiri na uhalisia pembeni kwa pembeni, bila maneno mengi, ajionee mwenyewe.

Kwa wale wa kuwaza usiku, kila siku kama saa 12 au saa 1 jioni wape dakika 15 za kuandika linalowasumbua na hatua moja tu inayofuata. Ada ya shule, hatua: kesho nimpigie mhasibu. Usiku likija anajua lina mahali pake. Karatasi na kalamu zinatosha, apu ikumbushe tu.

Utakutana pia na watu wanaosema ni jinamizi, ni majini, wamerogwa. Programu haina kazi ya kuwakatalia wala kuwakubalia. Uliza hofu hiyo inakufanya ufanye nini usiku, taa inabaki inawaka, anakaa macho analinda, anaamsha nyumba nzima, na ushughulike na hicho anachofanya.

Maneno ya apu yawe kama anavyoongea dada au kaka mkubwa mwenye akili, siyo kama fomu ya benki. "Usiku wa jana ulikuwa mgumu, pole. Dirisha lako halibadiliki, tuonane asubuhi." Imetosha.

Hatua ya 7: simu, bando na siri

Ifanye kazi bila intaneti, daftari lijae kwenye simu na litume lenyewe bando likipatikana. Video ziache, weka sauti fupi na picha chache. Kwa mwenye simu ya batani, maswali ya daftari yanaweza kwenda kwa meseji au kwa menyu ya nyota na reli, ila yapunguze na ujumbe wa kujibu usimkate hela.

Notifikesheni mbili tu kwa siku, asubuhi daftari, jioni kazi ya fikra, na baada ya hapo kimya. Simu nyingi zinashikwa na familia nzima kwahiyo ujumbe unaotokea juu ya skrini uwe wa kawaida, "habari za asubuhi, daftari lako", usitaje ugonjwa. Weka namba ya siri. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 na Kenya ina yake ya 2019, zote mbili taarifa za afya ni nyeti, zinataka ridhaa ya kueleweka. Barua pepe, mahali alipo, orodha ya marafiki kwenye simu, huvihitaji, usivichukue.

Fikiria pia nani analipa. Pear Therapeutics waliokuwa na Somryst walifilisika mwaka 2023 wakiwa na kibali cha FDA mkononi, kwa sababu kibali hakilipi bili kama bima hazilipi. Huku labda ni mwajiri, labda ni mradi wa hospitali, lakini lijue mapema kabla wagonjwa hawajakutegemea.

Hatua ya 8: jaribu na watu, kisha wape ruhusa ya kuondoka

Anza na watu wachache, keti nao asubuhi wakijaza daftari, usiwasaidie, angalia tu wapi kidole kinasita. Baada ya hapo pima ISI mwanzo, mwisho wa programu kwenye wiki ya 6 au 8, na miezi 6 baadaye. Kushuka alama 8 ni mabadiliko ya maana, kufika chini ya 8 ni kupona. Usijipime kwa idadi ya walioshusha apu au dakika wanazokaa ndani yake, hiyo ni biashara nyingine.

Watu wataacha, na wengi wataachia wiki za mwanzo za kubana maana ndo zinauma. Hapo simu fupi ya mtu halisi, nesi au mhudumu wa afya aliyefundishwa, hata dakika 10 kwa wiki, inabakisha wengi kuliko zawadi za nyota na medali. Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu cha ziada, kiwe hicho.

Mtu akishalala vizuri, apu imuage. Daftari lisimame, notifikesheni zizimwe, abaki na kadi moja ya picha kwenye simu: usiku mbaya ukirudi ukavuta wiki mbili, rudi kwenye saa moja ya kuamka, bana dirisha, jaza daftari siku 7. Kisha kitufe cha kufuta kila kitu, na kikibonyezwa kifute kweli, mpaka kwenye sava.